Njano Mbili, Ukuta Mmoja

Wifi yangu alinipigia simu saa mbili usiku. Kesho yake asubuhi fundi rangi alikuwa anaanza sebule, na kadi mbili za rangi zilikuwa mezani kwake, Mbezi, Dar es Salaam, zote njano. Moja aliiita ya limau, nyingine ya embe. Watoto walitaka embe. Kaka yangu alisema yoyote itafaa. Yeye mwenyewe alikuwa amezitazama mchana kutwa hadi zikaanza kufanana, na sasa alitaka nimtajie moja ili alale.

Sikumtajia. Nilimsihi amwombe fundi siku tatu. Halikuwa ombi dogo: fundi mzuri ukimpa siku tatu, anaweza kuokota kazi Kigamboni ukamkosa mwezi mzima. Lakini sebule ile ikishapakwa itakaa miaka mitano au sita kabla ya kuguswa tena, na siku tatu za kusubiri si kitu mbele ya miaka sita ya kuingia nyumbani kwako na kuukwepa ukuta kwa macho.

Nimelelewa na rangi. Baba alikuwa fundi rangi Tanga kwa zaidi ya miaka thelathini, na sisi watoto tulijua kazi aliyoshika siku hiyo kwa kutazama mikono yake akirudi jioni. Rangi aliyoiheshimu kuliko zote ni njano. Nyeupe ukikosea inasamehe. Kijivu na buluu watu huzizoea. Njano ndiyo iliyokuwa ikimrudisha kwenye nyumba aliyokwisha kulipwa, kwa sababu mwenye nyumba huichagua akiwa na furaha, na wiki moja baadaye anaita fundi aje atazame, akiamini amebadilishiwa kopo. Baba alikuwa akienda na kadi ileile, anaibandika ukutani, na kweli rangi ni ileile. Mwenye nyumba anaona kwa macho yake kwamba ni ileile, na bado haimpendezi. Hakuna aliyemdanganya mwenzake pale. Kilichotokea ni kwamba chumba kimeongeza njano yake juu ya njano ya kopo.

Jambo hilo unaweza kulishuhudia kwa karatasi moja. Nunua manila nyeupe kwenye duka la vifaa vya shule, ipake njano unayoifikiria, iache ikauke. Kisha ikunje katikati kama kitabu kilichofunguliwa nusu, isogeze karibu na dirisha, utazame pale kwenye mkunjo. Ndani ya mkunjo rangi ni nzito kuliko kwenye kingo, ingawa kopo ni moja na brashi ni moja. Ukiubana mkunjo zaidi, inazidi kukolea, hadi njano ya limau inaanza kuwa ya embe, na ya embe inaanza kuwa ya boga. Ule mkunjo ndio sebule yako. Kadi uliyoishika dukani ni ule ukingo.

Sababu yake ni nyepesi. Ukuta wa njano humeza mwanga wa buluu na kurudisha uliobaki. Tuseme rangi yako inarudisha sehemu 80 kati ya 100 za mwanga mwekundu na wa njano, lakini sehemu 40 tu za buluu. Mwanga ukigonga ukuta mara moja, buluu imebaki nusu ya wenzake. Lakini chumba kina kuta nne zinazotazamana, na mwanga hauishii kwenye ukuta wa kwanza. Unaruka hadi wa pili, kisha wa tatu. Mruko wa pili unabakiza 64 kwa 16. Mruko wa tatu unabakiza 51 kwa 6. Buluu iliyokuwa nusu imekuwa robo, kisha moja ya nane. Kuta zinapakana rangi zenyewe kwa zenyewe, na pembeni, zinapokutana, ndiko rangi inakolea zaidi. Rangi nyingine nazo hufanya hivyo, ila njano ina nguvu ya pekee kwa kuwa ni rangi ang'avu: inarudisha mwanga mwingi, kwa hiyo mwanga una safari ndefu chumbani. Buluu iliyokoza humeza mwingi kwenye mruko wa kwanza tu, haubaki wa kusafiri.

Kwa hiyo, kama umeshikwa katikati ya njano mbili na hutaki kusoma zaidi ya hapa, chukua ile iliyopoa. Chukua ile ambayo dukani unaiona kama haijafika, kama maziwa yaliyodondoshewa tone moja la kiini cha yai. Ukutani itafika. Ile inayokuita kutoka kwenye kadi, ile inayokufanya useme hii ndiyo, ndiyo itakayokupigia kelele ikishazunguka kuta nne.

Kupoa, hata hivyo, ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni upande rangi inaoegemea. Kila njano ina jirani anayeivuta: kijani upande mmoja, wekundu upande wa pili. Kiswahili kimetupa msaada mzuri hapa, kwa sababu tunaziita njano kwa vyakula, na manjano yenyewe ni jina la kiungo. Limau lisiloiva sana linavuta kijani. Embe dodo, asali, kiini cha yai la kienyeji vinavuta wekundu. Ndizi mbivu iko karibu na katikati. Majina ya kupamba yaliyoandikwa kwenye kadi yaache. Mwenye kiwanda ameyachagua yauze. Weka jina lako la chakula, na utajua upande.

Kama hujui upande, ziweke kadi zote mbili juu ya karatasi nyeupe ya kuchapia, moja ubavuni mwa nyingine, karibu na dirisha, jua lisizipige moja kwa moja. Usiziangalie moja moja. Jicho huzoea haraka, na njano ukiitazama peke yake kwa dakika mbili huanza kujifanya nyeupe. Zikiwa pamoja, zinafichuana: moja itaonekana ina kijani na nyingine ina wekundu, hata kama peke yake kila moja ilionekana njano tupu. Na usizitazame juu ya meza ya mbao, maana mninga una wekundu wake, na wekundu ule utaifanya kila njano ionekane imeegemea limau.

Hapo naomba nikae kidogo na imani moja ambayo imeharibu korido nyingi. Watu husema chumba chenye giza kipakwe njano ili kipate mwanga. Rangi haitoi mwanga, inarudisha uliopo. Na njano ina tabia ambayo nyekundu na buluu hazina kwa kiasi kile: ikikosa mwanga inapoteza jina. Buluu kwenye kivuli ni buluu iliyokoza, nyekundu kwenye kivuli bado ni nyekundu, lakini njano kwenye kivuli si njano tena. Chukua kanga ya njano, itazame uani juani, kisha isukume uvunguni mwa kitanda uchungulie. Utakachokiona ni kaki. Njano ya limau gizani inageuka rangi ya jani lililonyauka, na ya embe inageuka ya ugoro. Nimeingia nyumba nyingi ambazo korido yake ya ndani, isiyo na dirisha, imepakwa njano kali kwa nia njema, na mwenye nyumba anashangaa kwa nini inaonekana chafu hata baada ya kufutwa. Si chafu. Ina njaa ya mwanga. Korido kama hiyo ipake nyeupe au rangi ya maziwa, na pesa iliyobaki nunulia taa.

Turudi sebuleni kwa wifi. Siku ya kwanza nilimpeleka dukani tukanunua kopo dogo la kila rangi, la lita moja moja, tukapaka manila nne, mbili kwa kila njano, mikono miwili ya rangi kila moja, tukiacha ukingo mweupe wa vidole viwili kuzunguka. Mafundi wengi hupenda kupaka viraka vya majaribio moja kwa moja ukutani. Nakuomba ukatae. Ukuta wa wifi ulikuwa na kijani cha bahari cha mwenye nyumba wa kwanza, na njano yoyote ukiiweka katikati ya kijani kile inaonekana ya moto kuliko ilivyo. Ukingo mweupe wa manila unaitenga rangi na jirani yake wa zamani. Halafu manila inahama: unaibandika karibu na dirisha, kesho kwenye kona, keshokutwa nyuma ya televisheni. Kiraka hakihami, na kikikauka kinaacha nundu ambayo msasa lazima uihangaikie. Kama kuna vipande vya jipsamu vilivyobaki kwenye kazi ya dari, hivyo ni bora zaidi ya manila, kwa sababu havijikunji.

Usihukumu rangi ikiwa mbichi. Rangi za maji kwa kawaida hukauka zikiwa zimekolea kidogo kuliko zinavyoonekana ndani ya kopo. Subiri hadi kesho yake.

Kisha zitazame saa unazoishi mle. Hili ndilo lililobadilisha jibu la wifi, na nadhani litabadilisha la wengi. Nilimuuliza anakaa sebuleni saa ngapi. Akacheka, akahesabu. Anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, anarudi saa moja usiku. Siku tano za wiki hauoni ukuta wake kwa mwanga wa jua hata dakika moja. Sebule yake ni chumba cha usiku. Wengi wetu tunaofanya kazi mjini tuko hivyo, na bado tunachagua rangi saa sita mchana tukiwa mlangoni mwa duka la vifaa vya ujenzi, jua likiwa utosini. Mama aliye nyumbani na mtoto mchanga, au mzee aliyestaafu anayesoma gazeti barazani, ana haki ya kuchagua kwa jua. Mtu wa kurudi usiku achague kwa taa.

Na taa zetu ni jambo zito. Tazama boksi la balbu: kuna namba inayoishia na K. Zile tunazoziita taa nyeupe, ambazo ndizo zimejaa madukani, mara nyingi huandikwa 6500K, na mwanga wake una buluu nyingi. Zile tunazoziita taa za njano huandikwa 2700K au 3000K. Chini ya taa nyeupe, njano ya limau inatoa kijani chake chote hadharani. Chini ya taa ya njano, kila kitu kinapata unjano, hata nyeupe, kwa hiyo njano iliyopoa sana inaweza kupotea kabisa ukaona kama umepaka rangi ya maziwa, na njano mbili zilizogombana mchana zikafanana kama mapacha. Kuna rangi zinazolingana chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Ndiyo maana pazia ulilolifananisha na ukuta dukani linakuja kukataa nyumbani.

Usiku wa kwanza baada ya rangi kukauka tulibandika manila chini ya taa zake nyeupe. Limau iligeuka kama maji ya kisima chenye ukoga. Mwanawe mdogo alisimama mbele yake akichezea simu, na uso wake ukawa kama wa mtoto aliyetoka kwenye homa. Wifi aliliona kabla sijasema. Hii nayo ikumbuke: ukuta wa njano unawapaka na watu. Njano yenye kijani inaondoa uhai kwenye ngozi, nyeusi au nyeupe, na mahali pabaya kuliko pote pa kuiweka ni penye kioo, chumbani au bafuni, unapojitazama asubuhi kabla ya kutoka.

Basi limau ikaondoka. Lakini embe nayo haikupita moja kwa moja. Dirisha kubwa la sebule ile linatazama magharibi, na Jumamosi, kuanzia saa kumi alasiri, jua liliingia hadi ukuta wa ndani. Embe ikawaka. Tulipoikunja manila kama kitabu, mkunjoni ilikuwa boga tupu.

Hapa niseme neno kuhusu jua letu, kwa sababu vitabu na video za kupamba nyumba vinatupotosha. Vingi vimeandikwa Uingereza au Marekani, na vinasema chumba kinachotazama kaskazini ni cha baridi, hakina jua, kipewe njano ya moto. Kule ni kweli. Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia karibu katikati ya Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linapita upande wa kusini wa paa, na miezi iliyobaki linapita kaskazini. Nairobi na Mombasa ziko karibu zaidi na ikweta, na huko miezi inakaribia kugawana sawa. Kwetu, kaskazini na kusini vinapokezana zamu. Tofauti inayodumu mwaka mzima ni mashariki na magharibi. Chumba cha mashariki kinapata jua la asubuhi, kisha mchana wote kinaishi kwa mwanga wa mbingu, ambao una ubuluu. Kinaweza kubeba njano ya asali bila kuungua. Chumba cha magharibi kinapikwa jioni, na kila njano iliyoegemea wekundu inakolea ngazi mbili saa hizo. Kipe iliyopoa.

Na mara nyingi mwanga wa kwetu hautoki juu, unatoka chini na pembeni. Tunajenga baraza pana na mapaa yaliyotokeza ili kuzuia jua na mvua, kwa hiyo kinachoingia ndani kimegonga ardhi kwanza. Udongo mwekundu wa Arusha unaleta wekundu. Saruji ya uani inaleta weupe mkali. Mwembe mbele ya dirisha unaleta kijani, na kama ulikuwa unaifikiria limau kwenye chumba chenye mwembe, manila itakueleza haraka kuliko mimi.

Tazama pia vitu usivyovibadilisha. Wifi ana marumaru nyeupe za kung'aa, milango ya mninga na sofa za kahawia. Marumaru za kung'aa ni ukuta wa tano. Zinapokea njano na kuirusha darini, na dari nyeupe ya jipsamu inaonekana rangi ya maziwa hata kama haijaguswa. Mninga wenye wekundu unakaa vizuri na njano ya asali na unagombana na ya limau. Mapazia yanabadilika, ila fahamu kwamba kwetu Tanzania njano na kijani zikikaa pamoja zinasema jambo. Njano peke yake haina upande. Iwekee pazia la kijani, na mgeni ataona timu ya Yanga au chama cha CCM kabla hajaona sofa. Kama ndivyo unavyotaka, vyema, sebule ni yako. Kama hutaki, kahawia, nyeupe, au buluu iliyopauka vitaitunza njano yako vizuri zaidi.

Jibu la wifi tulilipata Jumapili, na halikuwa kwenye kadi yoyote kati ya mbili za mwanzo. Kadi ya embe ilikuwa na safu ya rangi za ukoo mmoja, kutoka iliyokoza chini hadi iliyopauka juu. Tulipanda ngazi mbili. Ukoo uleule wa embe, wekundu uleule mdogo, lakini imepoa hadi dukani unaiona kama unga wa mahindi ya njano. Tukarudia manila. Saa kumi na moja jioni ilikuwa embe la haki. Usiku chini ya taa nyeupe ilikuwa kidogo ya mchanga, kwa hiyo kaka akabadilisha balbu mbili kati ya nne akaweka za 3000K, na gharama hiyo ilikuwa ndogo kuliko galoni moja ya rangi.

Ukiamua kupanda ngazi, chukua namba nyingine kwenye kadi. Usimwambie muuzaji aweke nusu ya dozi kwenye mashine, na usimruhusu fundi aongeze nyeupe ndani ya ndoo hadi ipendeze. Inaweza kupendeza kweli. Lakini mwakani mtoto akichora ukuta kwa kalamu, hakuna atakayeweza kuirudia.

Sasa kazi yenyewe. Njano nyingi za siku hizi hazifuniki vizuri. Zamani njano iliyofunika kwa mkono mmoja mara nyingi ilikuwa na madini ya risasi ndani yake, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kiwango cha juu kinachopendekezwa kwa sheria za rangi ni sehemu 90 kwa milioni. Rangi za mafuta za njano, zile za milango na nondo za madirisha, ndizo za kuangaliwa zaidi. Nunua kopo linaloandika wazi kwamba halina risasi, lenye alama ya ubora ya nchi yako. Na kama nyumba yako ni ya zamani na mlango una njano ya mafuta inayomenyeka, usimwache fundi aupige msasa mkavu watoto wakiwa ndani. Ulowanishwe kwanza, vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na watoto wakae kwa bibi siku hiyo.

Kwa kuwa njano safi inafunika kidogo, msingi wake uwe mweupe na sawasawa. Juu ya kijani cha zamani, piga praima nyeupe kwanza, au mwombe muuzaji aitie praima tone la njano ileile. Bila hivyo utapiga mkono wa tatu na wa nne, na kijani bado kitachungulia. Hesabu ni hii: sebule ya mita 5 kwa 4 yenye kimo cha mita 3 ina kuta za mita za mraba 54. Toa mlango mmoja na madirisha mawili ya kawaida, zinabaki kama 48. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafunika takriban mita za mraba 10, kwa hiyo mkono mmoja ni lita 5 hivi, mikono miwili lita 10. Galoni tatu za lita 4 zinatosha na zinabaki kidogo za kurekebishia. Bila praima utahitaji galoni ya nne, pengine na ya tano, na njano iliyotiwa rangi kwa mashine kwa kawaida ni ghali kuliko praima nyeupe.

Galoni zote tatu zimiminwe kwenye ndoo moja kubwa na kukorogwa pamoja kabla ya kuanza. Mashine za kuchanganya ni nzuri, lakini kopo na kopo huachana kidogo, na njano ikiachana katikati ya ukuta jua la jioni litakuonyesha mstari.

Kama lipu ni mpya, subiri wiki nne. Saruji mbichi ina ukali unaokula rangi, na njano huonyesha mabaka mapema. Na wenye nyumba za kale za mawe Unguja, Lamu au Pangani, zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa, nawaomba kwa moyo wote msizipake rangi za plastiki. Kuta zile zinapumua unyevu. Ukizifunga, unyevu unatafuta njia na kusukuma rangi, inavimba na kubanduka pamoja na lipu. Chokaa iliyotiwa udongo wa njano wenye chuma, iliyopakwa mikono minne mitano myembamba, inakaa na ukuta ule kwa amani, na rangi yake haifi juani wala haiungui na ukali wa chokaa. Hiyo ndiyo njano nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na ikikauka ni nyepesi mno kuliko ilipokuwa mbichi, kwa hiyo nayo ijaribiwe.

Kuhusu mng'ao sina mengi. Rangi isiyong'aa inaficha mawimbi ya lipu na inaituliza njano. Inayong'aa kidogo inafutika ikishikwa na mikono ya watoto. Wifi ana watoto watatu. Alichukua inayong'aa kidogo, lakini alimlazimisha fundi arudie kulainisha kwa skimu ukuta unaopigwa na jua la jioni.

Fundi hakwenda Kigamboni. Alikuja Jumatano, akapaka kwa siku tatu. Baba, enzi za kuchanganya kwa mkono, alikuwa akiandika kwa penseli kwenye ukingo wa juu wa mlango, mahali ambapo hakuna anayetazama isipokuwa atakayepanda ngazi kupaka tena: vikombe vingapi vya njano, vijiko vingapi vya nyekundu, kwa ndoo ngapi za nyeupe. Nilimwambia wifi. Alipanda kwenye kiti na penseli ya mwanawe, akaandika namba ya rangi, jina la duka, na mwezi.